Mbwa Mzee wa Sokoni

I. MBWA ASIYE NA BWANA

Kando ya njia iendayo Mambasa, katika nchi ya Ituri, palikuwa na kijiji chenye soko. Siku ya Jumatano na siku ya Jumamosi watu walifika huko na ndizi, muhogo, mchele, sombe, mafuta ya ngazi na samaki wa kukauka. Nyuma ya soko palikuwa na kibanda cha mchinjaji. Hapo ndipo mbwa mmoja mzee alipolala.

Mbwa huyo alikuwa mwekundu, na miguu yake minne ilikuwa myeupe. Lakini wekundu ule haukuonekana vizuri tena kwa sababu ya mavumbi na vidonda. Uso wake ulijaa mvi. Mbavu zake zilihesabika. Masikioni kupe walishikamana kama punje za mtama. Alipotaka kusimama, aliinua kwanza miguu ya mbele, akangoja kidogo, kisha akaivuta miguu ya nyuma kama mtu mwenye kuvuta mzigo.

Siku moja moja mchinjaji alimtupia mfupa. Siku nyingine alimmwagia maji ya moto ili aondoke. Watoto walimtupia mawe. Hawakuwa na hasira naye, walicheza tu. Walimwita Bubu, kwa sababu hakubweka hata alipopigwa.

Kumbe kutobweka kwake hakukuwa ugonjwa. Katika mwitu wa Kongo kuna mbwa wa namna hiyo tangu zamani. Masikio yao husimama, na mkia wao hujikunja juu ya mgongo. Wanaweza kulia, wanaweza kutoa sauti ndefu inayofanana na wimbo, lakini hawabweki kama mbwa wengine. Watu wa Ulaya wanawaita Basenji. Mwaka 1937 wengine wao walionyeshwa London, huko Uingereza, katika maonyesho makubwa ya mbwa, na watu wengi walikwenda kuwatazama.

Kwa kuwa mbwa hawa hawabweki, wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni. Watu hutega nyavu zao mwituni. Mbwa huingia katika vichaka, kengele hulia, mboloko hushtuka na kukimbilia nyavuni. Hivyo ndivyo mbwa mzee wa sokoni alivyofanya kazi miaka mingi. Bwana wake alikuwa mwindaji. Watoto wa nyumba ile walikula nyama aliyowasaidia kuipata, wakakua, wakawa watu wazima.

Kisha mwindaji alikufa. Nyavu ziligawanywa. Mikuki na mashoka viligawanywa. Mbwa hakuna aliyemtaka.

II. MKONO ULIOZUIWA

Katika kijiji hicho alikaa fundi wa nguo, pamoja na mke wake na watoto wanne. Binti yao mkubwa alisoma mwaka wa tano. Kila siku alipita sokoni akienda masomoni.

Siku moja aliona jiwe likimpiga mbwa mguuni. Mbwa hakukimbia. Alifumba macho tu, akangoja jiwe la pili.

Jioni mtoto alichukua kipande cha kiazi, akarudi nyuma ya soko. Aliinama, akanyosha mkono. Mara sauti ikamwita:

— Ngoja! Usimguse!

Alikuwa baba yake, ambaye alikuwa akifunga mashini yake ya kushona ili arudi nyumbani. Alikuja upesi, akaushika mkono wa mtoto na kumvuta nyuma.

— Baba, ana njaa tu.

— Naona ana njaa, mwanangu. Lakini mimi na wewe hatujui kama njaa ndiyo shida yake peke yake. Mbwa usiyemjua hashikwi kwa mkono, hata akiwa mpole. Weka kiazi chini, turudi nyuma, tumtazame akila.

Mbwa alinusa, akakaribia polepole. Alikitafuna kiazi upande mmoja wa kinywa, maana upande wa pili meno yalikuwa yameoza. Baba alimtazama sana namna alivyomeza. Kisha akasema:

— Anameza vizuri. Hiyo ni alama njema, lakini haitoshi.

Njiani baba alimweleza mtoto habari ya kichaa cha mbwa.

III. KICHAA CHA MBWA

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa mbaya sana. Hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimuuma mtu, au akiramba kidonda cha mtu, ugonjwa huweza kuingia mwilini. Hauonekani siku ile ile. Mara nyingi hujificha kwa majuma au miezi. Lakini alama zake zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa mwenye ugonjwa huo hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huuma bila sababu, na aliyekuwa mkali huweza kuwa kama mwenye usingizi. Mate humtoka sana. Kumeza humshinda. Mwisho miguu yake hupooza, naye hufa.

Mtu akiumwa na mbwa asingoje hata kidogo. Aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kisha aende upesi kituo cha afya kupewa sindano za kinga. Asione aibu kusema, wala asiogope kugombezwa. Mtoto anayeficha kidonda cha mbwa anajiweka katika hatari ya kufa.

Mmoja wa watu wa kwanza kutibiwa kwa sindano za Louis Pasteur alikuwa mtoto. Jina lake lilikuwa Joseph Meister, mwenye miaka 9. Mbwa alikuwa amemuuma mara nyingi. Tarehe 6 Julai 1885, katika mji wa Paris, sindano ya kwanza ilitiwa, na nyingine zikafuata siku zilizofuata. Mtoto hakufa. Tangu siku hizo watu wengi sana wameokolewa kwa njia hiyo.

IV. SHAURI LA NYUMBANI

Usiku ule, walipokwisha kula, binti alisema:

— Baba, Mama, naomba tumchukue mbwa wa sokoni.

Mama aliweka sahani chini.

— Mwanangu, tufikiri vizuri. Mbwa huyo hatawinda tena. Hatalinda nyumba, maana haoni vizuri wala habweki. Atakula chakula chetu, kisha atakufa. Nasi tuna watoto wanne.

Mtoto alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema polepole:

— Mama, mambo yote uliyosema ni kweli. Lakini alikuwa akiwinda alipokuwa na nguvu. Sasa hana mtu.

Mama hakujibu upesi. Akauliza:

— Nani atateka maji yake?

— Mimi.

— Hata siku ya mvua?

— Hata siku ya mvua, Mama.

— Na uchafu wake nani ataondoa?

— Mimi, Mama.

Ndipo baba akasema:

— Basi, kuna mambo matatu. La kwanza, tumwulize mwenye mbwa. Kitu cha mtu hakichukuliwi bila ruhusa, hata kama amekiacha njiani. La pili, mganga wa wanyama amtazame. La tatu, tukimchukua tumemchukua mpaka kufa kwake. Hatutamrudisha sokoni tukichoka. Afadhali tusimchukue kabisa kuliko kumtupa mara ya pili.

Asubuhi baba alikwenda kwa kapita wa kijiji. Kapita akampeleka kwa mzee mmoja, ndugu wa mwindaji aliyekufa. Mzee aliposikia habari alicheka kidogo.

— Mnamtaka yule? Mchukueni. Hakuna mtu atakayewadai.

Kisha aliingia ndani, akatoka na kengele ya mti, nyeusi kwa moshi.

— Chukueni na hii. Ndugu yangu aliichonga mwenyewe. Na yule mbwa hakuitwa Bubu. Jina lake ni Vumilia.

V. MGANGA WA WANYAMA

Mwezi ule mganga wa wanyama alipita kijijini kuchanja mbwa. Baba alimfunga Vumilia kamba laini shingoni na kitambaa mdomoni, akamleta. Mganga alimpapasa miguu, akasikiliza kifua, akatazama macho na meno.

— Mbwa mzima ana meno 42, alisema. Huyu amebaki na machache, na mengine yameoza. Nadhani ana miaka 12 hivi. Kwa mbwa wa ukubwa huu huo ni uzee wa kweli.

Akawaonyesha jambo moja la macho. Mbwa wengi wakizeeka, macho yao huwa na rangi ya buluu kama moshi, lakini bado wanaona. Jicho lenye weupe mzito ndilo lisiloona. Vumilia alikuwa na moshi katika jicho la kuume, na weupe mzito katika jicho la kushoto. Masikio yake pia yalikuwa yameziba kwa uzee.

Mganga alimtia sindano ya kinga, akampa dawa ya minyoo. Kisha akawaonya:

— Sindano hii inamkinga kwa siku za mbele. Haiponyi mbwa aliyekwisha kuambukizwa. Hatujui kama aliumwa na mbwa mwingine huko sokoni. Kwa hiyo mfungieni mahali pake kwa miezi sita. Mtu mzima mmoja tu amshike. Mkiona amebadilika tabia, msimkaribie, mniite.

Mtoto alisikia maneno hayo kwa uchungu. Alikuwa amengoja siku ya kumpapasa, na sasa alipewa miezi sita ya kumtazama tu. Lakini alitii.

Baba alitengeneza kibanda cha kale cha kuku, akaweka mlango wa miti. Ndani alitandika majani makavu ya ndizi na gunia juu yake, maana mifupa ya mbwa mzee huuma akilala juu ya udongo wa baridi. Kila jioni baba alifunika mikono yake, akamfunga Vumilia mdomo, akawatoa kupe. Aliwashika karibu kabisa na ngozi kwa kikoleo kidogo, akawavuta moja kwa moja, akawatia katika kopo la maji ya sabuni. Siku ya kwanza alihesabu 63, akaacha kuhesabu.

VI. CHAKULA KIDOGO KIDOGO

Siku ya kwanza mama mwenyewe alijaza bakuli kubwa mpaka juu. Aliona mbavu za mbwa, akahurumia. Lakini baba alikumbuka neno la mganga. Mnyama aliyekaa na njaa siku nyingi asishibishwe mara moja. Tumbo lake na damu yake havijazoea tena chakula kingi, na kushiba ghafula huweza kumuua.

Basi walimpa chakula kidogo mara nne kila siku. Ulikuwa wali laini, na samaki aliyetwangwa, na siku nyingine yai la kuchemsha. Hawakutia vitunguu, maana vitunguu huharibu damu ya mbwa. Hawakumpa mifupa iliyopikwa, maana huvunjika kama miiba na kuchoma tumbo. Baada ya juma moja waliongeza kidogo. Baada ya majuma matatu walimpa mara mbili kwa siku chakula cha kutosha.

Haikuwa rahisi. Kulikuwa na siku samaki alipanda bei, na mtoto alitoa sehemu yake mwenyewe. Kulikuwa na asubuhi za mvua, na njia ya kisimani iliteleza. Ndugu zake walilala, naye alikwenda na ndoo. Mama alimtazama kupitia mlangoni, asiseme neno.

Vidonda vilikauka. Manyoya mapya yaliota, mekundu kweli. Siku moja mtoto alipoleta maji, mkia uliojikunja ulitikisika kidogo, upande huu na upande huu. Mtoto alikimbia nyumbani kuwaambia wote.

VII. WALIOCHEKA

Masomoni wenzake walimcheka. Walisema: "Huyu anapika kwa ajili ya mbwa!" Mvulana mmoja alimwita Mama Bubu, na jina likashika. Mtoto hakujibu, lakini alianza kupita njia ya nyuma.

Bwana Mwalimu alisikia. Siku ya habari za mataifa alisimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tano, akasema:

— Leo nitawaeleza habari ya mtu mwingine aliyechekwa kwa ajili ya mbwa.

Akaandika ubaoni: Mary Tealby, London, 1860.

Wakati ule London ulikuwa mji mkubwa sana. Mbwa wengi wasio na bwana walitangatanga njiani, wakafa kwa njaa. Inasimuliwa kwamba rafiki wa Mary Tealby alimkuta mbwa mmoja njiani, karibu kufa. Mary Tealby alimpokea jikoni kwake, akamwuguza. Lakini mbwa alikuwa amedhoofika sana, akafa.

Mwalimu alinyamaza kidogo, akauliza:

— Ingekuwa ninyi, mngefanya nini baada ya hapo?

— Tungeacha, Mwalimu, mmoja alijibu. Mbwa amekwisha kufa.

— Yeye hakuacha. Alianza kuwapokea wengine. Mwaka ule ule wa 1860, katika mtaa wa Holloway, nyumba ilifunguliwa kwa ajili ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Watu wengi walicheka. Walisema kwamba ni upumbavu kuwajengea mbwa nyumba. Mary Tealby alikufa mwaka 1865, na kazi ilikuwa bado ndogo. Mwaka 1871 nyumba ilihamishwa mpaka mtaa wa Battersea, nayo iko huko hata leo. Tangu mwanzo mpaka sasa mbwa na paka zaidi ya milioni tatu wamepokelewa humo. Wengi walipata mabwana wapya.

Mwalimu alifuta ubao. Hakumtaja mtoto wa fundi. Lakini saa ya mapumziko yule mvulana aliyempa jina la Mama Bubu alimfuata, akamwuliza kwa sauti ndogo:

— Anakula nini?

VIII. KENGELE

Miezi sita ilitimia. Mganga alipita tena, akamtazama Vumilia, akasema:

— Sasa mnaweza kumfungulia.

Mtoto aliingia kibandani. Mbwa mzee hasikii, na akiguswa ghafula hushtuka na kuweza kuuma bila kupenda. Kwa hiyo mtoto alipiga mguu chini kwanza, ili mbwa asikie mtikisiko wa udongo. Kisha alimnyoshea mgongo wa mkono anuse. Vumilia alinusa, akaweka kichwa chake juu ya goti la mtoto, akalala.

Tangu hapo alitembea uani. Lakini usiku mmoja wa mvua mlango wa ua uliachwa wazi. Vumilia alitoka, akapotea. Watu wa nyumba walitafuta kwa taa mpaka usiku wa manane. Waliita, lakini yeye hakuwasikia. Walisikiliza, lakini yeye hakubweka. Kulipokucha walimkuta ndani ya mfereji kando ya njia, maji mpaka tumboni, akitetemeka, amesimama tu. Magari makubwa yalikuwa yakipita karibu naye.

Mama alimfunika kwa kitenge chake, akambeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Baba alifikiri. Kisha alishusha kengele ya mti iliyotundikwa ukutani, akaifunga shingoni mwa Vumilia. Vumilia alipoona uzito wake shingoni, aliinua kichwa, akasimama wima kwa muda. Halafu akaenda polepole kuzunguka ua, na kengele ikalia ko, ko, ko. Zamani kengele ile ilipeleka mboloko nyavuni. Sasa iliwaonyesha watu mahali alipo mzee wao. Hakupotea tena.

IX. MWISHO WAKE

Vumilia aliishi katika nyumba ya fundi mwaka mmoja na miezi miwili. Wakati wa jua kali alipunguza kula. Siku tatu hakusimama. Mtoto alimletea maji, akamlowesha kinywa kwa kitambaa. Siku ya nne, kabla ya jua kutua, alikufa juu ya gunia lake.

Baba alichimba shimo refu nyuma ya migomba, mbali na kisima. Watoto watatu wa masomoni walikuja kusaidia. Mmoja wao alikuwa yule mvulana.

Usiku mtoto aliuliza:

— Baba, mganga alisema angekufa, na Mama alisema angekufa. Tulifanya kazi bure?

Baba alijibu:

— Sisi sote tulijua atakufa. Shauri letu lilikuwa juu ya siku zilizobaki. Mwaka mzima hakupigwa jiwe. Hakulala na njaa. Waliokula nyama yake walikuwa na deni naye, hawakulilipa. Wewe umelilipa.

Asubuhi mama aliamka mapema, akawasha moto, akaweka wali laini katika bakuli ndogo. Akatoka nayo mpaka uani. Hapo akakumbuka. Alisimama kidogo, kisha akairudisha ndani.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Mbwa usiyemjua usimguse. Mwite mtu mzima.
2. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, uende upesi kituo cha afya.
3. Kabla ya kumchukua mbwa, mtafute mwenye mbwa na kuomba ruhusa.
4. Mbwa achanjwe kila wakati mganga wa wanyama anapoagiza.
5. Mbwa mwenye njaa apewe chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi.
6. Mbwa mzee apate mahali pakavu, pa kulala laini, na maji safi kila siku.
7. Asiyeweza kumtunza mbwa mpaka mwisho, asimchukue. Lakini hata yeye anaweza kuacha kumtupia mawe.

MANENO

Mboloko: paa mdogo wa mwitu.
Kapita: mtu mwenye kuangalia kijiji au kazi ya watu.
Kikoleo: chombo kidogo cha chuma cha kubania kitu.
Mfereji: njia ya maji iliyochimbwa.
Kuambukizwa: kupata ugonjwa kutoka kwa mwingine.
Kupooza: kukosa nguvu ya kutikisa kiungo cha mwili.

MAULIZO

1. Kwa nini watoto walimwita mbwa Bubu? Je, jina hilo lilimfaa?
2. Kwa nini wawindaji huwafunga mbwa wao kengele?
3. Baba alimzuia mtoto kumgusa mbwa. Je, baba alikosa huruma? Eleza.
4. Mama alisema mambo gani usiku wa shauri? Je, yalikuwa ya kweli?
5. Kwa nini mtoto alingoja miezi sita?
6. Bakuli kubwa la chakula lingaliweza kumdhuru mbwa namna gani?
7. Mary Tealby alifanya nini mbwa wa kwanza alipokufa?
8. Kengele ilikuwa na kazi gani mbili?
9. Ni nani katika habari hii waliobadilika? Umejuaje?

KAZI YA KUANDIKA

a) Andika mistari kumi juu ya mnyama mzee unayemjua: mbwa, mbuzi au ng'ombe. Alifanya kazi gani? Sasa anatunzwa namna gani?

b) Eleza methali hii kwa maneno yako mwenyewe: Wema hauozi.